Mkanda Hupanda Mlima

Ambakisye, fundi wa kuchomelea pale Kiwira,
nilikutukana Jumanne.
Hukusikia, na hapa Tukuyu mvua ilikuwa inapiga bati,
lakini Tusekile alisikia, na mbuzi,
na ile mota ya pampu tuliyoigeuza kuwa mashine ya kunolea.

Mkanda wa msasa ulikuwa unakimbilia kushoto.
Nawasha: unazunguka mara tatu, nne,
kisha unajivuta pembeni kama mtoto anayeitwa kuoga,
unakwaruza fremu yako, unatoa cheche pasipo kisu,
pap, uko chini.
Naurudisha. Nawasha. Kushoto.
Mikanda miwili ilichanika ukingo,
na mikanda hii mtu huiagiza Mbeya na kuisubiri.

Nikasema: fremu imepinda.
Nikasema: Ambakisye alichomelea huku ana haraka ya kwenda msibani.
Nikasema na mengine. Mikono ikiwa na grisi
ulimi nao huteleza.

Nikauvua mkanda, nikaugeuza,
ukingo wa kulia ukaenda kushoto.
Kama kosa ni la aliyeunganisha mkanda,
sasa utakimbilia kulia.
Kama kosa ni la mashine, utarudi kule kule.
Nikawasha.
Kule kule.

Nilifurahi, nisikufiche. Nilikuwa na ushahidi.
Nikachukua uzi wa kushonea wa Tusekile,
nikaupitisha kwenye uso wa puli ya chini,
nikauvuta hadi puli ya juu,
nikapiga magoti, nikafumba jicho moja.

Fremu yako imenyooka.
Imenyooka, Ambakisye, kama mistari ya chai.
Kilichokwenda upande ni tundu la bolti ya juu,
tundu nililolitoboa mimi, usiku,
umeme uliporudi saa tano na nusu
nami nikaogopa utakatika tena.
Wiki tatu nimeishi nalo nyumba moja
na kila asubuhi nalitaja kwa jina lako.

Nikakata kopo la maziwa ya unga,
kipande chembamba kama ukucha wa mtoto,
nikakisukuma chini ya beringi.
Mkanda ukasogea. Ukakaa nusu ndani nusu nje,
kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.

Hapo nikaikumbuka puli ya mashine ya mahindi ya kina Gwamaka,
ile yenye kitumbo katikati.
Miaka yote nilidhani imelika pembeni kwa uzee.
Nikazungushia yangu utepe mweusi wa umeme,
mizunguko mitatu mipana, miwili myembamba juu yake.

Akili yangu iliniambia mkanda utateleza
kutoka kwenye kitumbo kwenda bondeni, kama maji.
Wapi! Mkanda hupanda.
Ukiupa mwinuko, unautafuta,
kama babu zetu walivyojenga huku kwenye ukungu
wakati Kyela ipo, na joto lake, na mpunga wake.
Kwa nini? Sijui.
Niliutazama robo saa nzima ukizunguka palepale katikati,
kisu bado kiko mezani, umeme unaliwa bure,
na Tusekile kimya mlangoni ameshika uzi wake uliojaa grisi.

Leo nimenoa visu kumi na viwili vya kupogolea chai.
Cha kumi na tatu nakuletea Jumamosi.
Ukiuliza ni cha nini, nitasema ni cha ndizi.

Ila utepe utayeyuka kwa joto, najua,
hata sasa unanuka.
Itabidi tukereze puli ya kweli, yenye kitumbo cha chuma,
na unichomelee kishikio kipya.
Tundu lake, tafadhali,
toboa wewe.
Mchana.